Rilei ya Tatu

Juni 11

Mvua za yangmei zimeanza. Matunda hayo yakianza kuiva milimani na mbingu nazo hufunguka, na mji wetu wa Liushi haukauki tena mpaka katikati ya Julai. Viatu vyangu vya kitambaa vimeota ukungu chini ya kitanda. Mama mkwe amevitazama akasema, "Usivioshe. Ngoja uyoga ukue, tule na wali."

Nimenunua daftari hili kwa sababu lile la karakana halitaki maneno. Linataka tarehe, saa, ampea na hesabu, basi. Miaka kumi na tisa nimekaa mbele ya benchi la majaribio nikijaza tarakimu, na kila siku nimetamani kuongeza sentensi moja pembeni. Sasa nitaziongeza huku.

Tunatengeneza rilei, swichi inayokaa ndani ya mita ya umeme. Ni kubwa kidogo kuliko kiberiti. Mita ikitumiwa amri kutoka mbali kwamba nyumba fulani ikatiwe umeme au irudishiwe, anayekata na kuunga ni huyo mdogo. Hii mpya yetu inapitisha ampea mia, yaani nyumba nzima na majiko yake. Na ajabu yake ni hii: inakula umeme wakati wa kugeuka tu, muda wa kupepesa jicho. Ikishageuka, sumaku inaishikilia. Ukiinyima umeme, ukaitupa kwenye droo miaka kumi, utaikuta pale pale ulipoiacha: kama ilikuwa imeunga imeunga, kama ilikuwa imekata imekata. Nimelijua jambo hili miaka yote na bado nikilifikiria nasisimka. Mimi nikikosa chakula cha mchana sikumbuki hata nilikoweka funguo.

Asubuhi Bosi Mdogo alituita uani. Jina lake Zheng Yiwei, ana miaka thelathini na sita, ila baba yake ndiye aliyekuwa Bosi, kwa hiyo yeye atakuwa Mdogo mpaka azeeke. Akasema mkaguzi wa watengenezaji wa mita anakuja Julai 13. Anataka kukuta rilei tatu zimekata na kuunga mara elfu kumi kila moja, ampea mia zikipita, bila kukataa hata mara moja.

"Zikipita, tunabaki," akasema. "Moja ikikataa, mwisho wa mwezi ujao narudisha jengo kwa mwenyewe."

Tuko watu thelathini na mmoja.

Benchi linabeba rilei moja tu kwa wakati, na kwa siku linafika elfu moja. Siku kumi kwa kila rilei. Leo ya kwanza imefika 1,003.

Juni 13

Mvua. 3,010. Soksi hazikauki.

Juni 14

Niandike habari za Fundi Hu, maana nitalazimika tu.

Hu Bingkun ana miaka sitini na mbili, na ndiye peke yake anayerekebisha ulimi. Ndani ya rilei kuna ulimi wa shaba wenye nundu ya fedha kwenye ncha. Ukigandamiza kidogo mno, cheche zinaichoma fedha. Ukizidisha, sumaku inashindwa kuusogeza. Mashine inauweka karibu na sawa. Kutoka karibu mpaka sawa ni kibano cha Fundi Hu, ghorofa ya tatu, dirishani, mdomo kaufunga kama ana deni la maneno na dunia nzima.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwomba anifundishe. Akanishika kiganja, akakigeuza mbele ya watu wote, akasema, "Mikono hii? Hii ni ya kukaanga dagaa." Karakana nzima ilicheka. Nikashuka chini, nikapewa benchi.

Neno lile ninalo mpaka leo. Kama ile sumaku, halijawahi kuniomba hata kijiko cha wali.

Juni 17

Watu hudhani kaunta inatosha. Kaunta inahesabu amri zilizotolewa, haijui kama zimetiiwa. Ndiyo maana kwetu lazima mtu akae asikilize. *Tak*, imeunga. Ampea mia zinapita, nyaya zinavuma chini kwa chini. *Tak*, imekata, na kupitia kifuniko kinachopitisha mwanga unaona nukta ya buluu, ndogo kuliko punje ya ufuta, inazaliwa na kufa. Nukta hiyo ina joto la kuyeyusha fedha. Kila mara inang'ata kidogo, na kila mara ulimi unarudi pale pale kama haujang'atwa.

Leo nimeitazama mara mia moja mfululizo bila kufumba. Nimejisikia kama mtu aliyeingia hekaluni kwa bahati mbaya.

Jioni nilimweleza mama mkwe kwamba ndani ya mita yetu pale ukumbini kuna kitu kama hicho. Ana miaka themanini na moja. Akaisogelea mita, akaikagua.

"Mlinzi yuko humu?"

"Yuko, Mama."

"Anakula nini?"

"Hali kitu. Anasubiri tu amri."

Akatikisa kichwa. "Ningezaa wa namna hiyo, nisingemzaa mumeo."

Juni 20

10,000. Ya kwanza imepita. Tuliipasua, tukaona nyuso mbili za fedha zimechimbika vishimo vishimo, nyeusi pembeni, ila katikati bado zinang'aa. Bosi Mdogo aliishika kwa mikono miwili. Fundi Hu aliitazama kwa lenzi, akasema "Mm," akapanda ngazi.

Juni 21

Rilei ya pili imeanza. 998.

Juni 24

Fundi Hu ameshuka na kikapu cha yangmei kutoka shamba la kaka yake, akakiweka pembeni ya benchi, akaondoka. Nilifikiri amekisahau. Nikamfuata ngazini.

"Fundi, kikapu chako."

"Nina macho, nimekiona."

"Nikulindie?"

"Kula, Aijuan. Hayo hayangoji mpaka kesho."

Midomo yangu ilikuwa myekundu mpaka jioni. Matamu, na uchachu wake nyuma. Sijui nimweke wapi mtu huyu.

Juni 27

Saa nne na nusu, kwenye 6,412, *tak* ilibadilika. Siwezi kueleza vizuri. Ilikuwa na mkia, kama mtu anayefunga mlango na kanzu ikabanwa. Ampea mia, kaunta sawa, kila kitu sawa. Nikasimamisha benchi.

Bosi Mdogo alikuja mbio. "Dada Aijuan, unasimamisha kwa sauti tu?"

"Kwa sauti tu."

Fundi Hu akashuka, akagusa huku na huku, akakuta skrubu ya kibanio cha shaba imelegea robo mzunguko. Tungeendelea mpaka mchana, joto lingeua ulimi, tungesema rilei ni mbovu. Akaikaza. Akanitazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Mkia," akasema. "Ndivyo ulivyosikia?"

"Ndivyo."

"Mm."

Mm hii haikuwa kama ile ya juzi.

Juni 30

Ya pili imepita. Imebaki moja. Mvua imezidi, maji yamefika kizingitini, na watu wanaanza kucheka tena wakila supu ya mipira ya samaki. Nami nimecheka.

Julai 1

Siwezi kuandika leo.

Julai 2

Nitaandika.

Jana asubuhi nilipanda kuchukua rilei ya tatu. Fundi Hu alikuwa ameshaiweka kwenye boksi lake, imekata, kama anavyoziacha zote. Hiyo ni desturi ya karakana tangu enzi za Bosi Mkubwa: rilei inatoka mkononi mwa Hu ikiwa imekata. Hatuulizi. Kama usivyouliza kama maji ya mto yanashuka.

Ngazi zilikuwa zimelowa. Kwenye ghorofa ya pili niliteleza, boksi likanitoka, likadunda vipandio vinne na kutua kwa kona. Nililiokota. Rilei nzima, haina ufa. Nikatazama juu, nikatazama chini. Hakuna aliyeniona. Nikajiambia, mambo madogo. Nikashuka nikaifunga kwenye benchi.

Sumaku inayoshikilia rilei haina macho. Ukiigonga kwa nguvu, ulimi unaruka upande wa pili, na sumaku inaushikilia huko kwa uaminifu ule ule. Hili nalijua. Niko karakana hii miaka kumi na tisa, nalijua kama jina langu.

Fundi Hu alishuka kukaza waya wa upande wa pili. Tangu siku ile ya mkia amekuwa akikaza mwenyewe. Swichi kuu ya benchi ilikuwa imewashwa, maana kwetu tunaiacha ikiwaka tu, rilei ikikata inatosha. Ni uvivu wa miaka mingi mpaka ukapewa jina la utaratibu.

Akauliza, "Imekata?"

Nikasema, "Imekata, Fundi."

Akashika shaba.

Sikusikia *tak* yoyote. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Mgongo ukapinda, mkono umeng'ang'ania, macho yananitazama mimi moja kwa moja. Nikapiga kitufe chekundu kwa ngumi. Akaanguka kwenye magunia. Midomo myeupe kama unga wa mchele. Nikamwita Fundi, nikamwita Kaka, nikamwita kwa jina lake kamili kama mamake. Akasema, "Usipige kelele, nasikia."

Yuko hai. Ameungua kiganja. Lakini kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia havina hisia. Daktari anasema huenda vikarudi baada ya miezi, huenda visirudi. Ni vile viwili vinavyoshika kibano.

Na leo nimesikia alivyowaambia watu: "Uzembe wangu. Sikuzima swichi kuu."

Hakuna anayejua kuhusu ngazi. Mama mkwe ameniona sili, akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Alikuwa anasema kuhusu ukungu nyuma ya kabati. Nikainuka nikachukua mwavuli.

Julai 2, baadaye

Nimemkuta hospitalini amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji. Pembeni yake kulikuwa na boksi la rilei. Alikuwa amemwagiza Bosi Mdogo amletee.

"Fundi, mimi..."

"Kona imebonyea," akasema.

Nikalia. Nikamwambia yote: ngazi, vipandio vinne, jinsi nilivyotazama juu na chini kama mwizi. Aliniacha nimalize.

"Wewe umesema uongo?"

"Nilisema imekata. Sikujua."

"Basi ulisema usichokijua. Nami nikaamini nisichokipima. Tuko wawili." Akaigeuza rilei kwa mkono wa kushoto. "Huyu peke yake ndiye hakukosa. Aliamriwa na ngazi, akatii, akashika neno. Hata kama angekaa miaka mia angelishika. Unaona kitu hicho, Aijuan? Miaka arobaini nakitengeneza na bado kinanitisha."

Sikujua kwamba naye kinamsisimua. Miaka yote nilidhani niko peke yangu.

Kisha akasema hii haiwezi kujaribiwa, rilei iliyoanguka haiendi kwa mkaguzi, iwe nzima isiwe nzima. Itengenezwe nyingine. Nikamuuliza itarekebishwa na nani.

"Una masikio," akasema.

"Mikono je? Si ya kukaanga..."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Julai 3

Ametoroka hospitali, au ameruhusiwa, hataki kusema. Tumekaa dirishani, ghorofa ya tatu. Kibano chake kina bonde la kidole gumba, limechimbika miaka arobaini. Gumba langu halienei humo.

Nilipinda ulimi wa kwanza. "Umeua," akasema. Wa pili. "Umeua tena. Leo ni msiba." Wa nne nikakasirika, nikamwambia asipoacha kunikejeli nitampinda yeye.

"Sawa. Fumba macho. Usiutazame, uusikilize."

Akaipa rilei amri kwa betri ndogo. *Tak*. Ilikuwa na mkia. Nikagusa ulimi, kidogo kuliko unywele. *Tak*. Mkia mfupi. Nikagusa tena. *Tak*.

Kavu. Safi. Ile niliyoisikia mara milioni kutoka chini bila kujua kwamba ilikuwa inanifundisha.

Nikafumbua macho. Fundi Hu hakusema Mm. Alikuwa anatazama dirishani, anafuta pua kwa bandeji.

Niliishusha kwa mikono miwili, kifuani, hatua moja moja, kama mtoto mchanga. Nikazima swichi kuu. Nikaifunga. Nikaipa amri ya kukata, nikapima, ndipo nikawasha. Tulianza saa mbili. Mpaka jioni 1,000. Imebaki elfu tisa na siku tisa, na hakuna siku ya akiba.

Julai 5

3,000. Nimewaambia wote uani kuhusu ngazi. Bosi Mdogo aliagiza ngazi zipigwe mkeka wa mpira. Hakunifukuza. Nadhani hawezi, benchi nalo angempa nani.

Julai 7

5,006. Sijaenda chooni tangu saa tatu.

Julai 9

Saa nane mchana mvua ilikatika ghafla na kukawa kimya mjini kote. Kwa mara ya kwanza nikaisikia rilei peke yake. *Tak.* *Tak.* Nikafikiria kwamba siku moja itafungwa ndani ya mita, kwenye ukumbi wa watu nisiowajua, na usiku na mchana itashika neno la mwisho ililoambiwa, wao wamelala, wanapika, wanagombana. Hawatajua kama ipo. Nami niliigusa, kidogo kuliko unywele. Nimetetemeka kwa jambo hilo kuliko nilivyotetemeka kwa hofu. Saa ile kaunta ilikuwa 6,871.

Julai 12

Saa kumi na moja na dakika nne jioni. 10,000. Nimeiacha imekata, nimezima swichi kuu. Nimekaa tu.

Julai 13

Mkaguzi Pang ni mwanamke mfupi, viatu vya kitambaa kama vyangu, bila ukungu. Alisoma daftari la karakana ukurasa kwa ukurasa. Akaona Julai 1 na 2 hazina hesabu, akauliza. Bosi Mdogo akaanza kusema habari za mvua. Nikamkatiza, nikasema ukweli wote, hadi vipandio vinne. Bosi Mdogo akafumba macho.

Mkaguzi akafunga daftari. Akaifungua rilei ya tatu kutoka benchi mwenyewe, akaitia kwenye mfuko wake wa kitambaa. Akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akashuka. Tulisikia mfuko ukigonga reli njia nzima, sijui kwa makusudi au vipi. Akarudi akaiweka mbele yangu.

"Dada, jana uliiacha ikiwa imekata?"

"Ndiyo, Mkaguzi."

"Na sasa? Imekata au imeunga?"

Nyuma ya bega lake Bosi Mdogo alikuwa ananipa jibu kwa midomo: *i-me-ka-ta*. Watu wengine wote walikuwa mlangoni. Fundi Hu alikuwa ameegemea ukuta, mkono wake kwenye bandeji, hanitazami.

"Sijui," nikasema.

"Hujui? Miaka kumi na tisa?"

"Sijui, Mkaguzi. Imetembea. Mpaka niiamuru ndipo nitajua."

"Basi iamuru ikate."

Nikachukua betri ndogo. Kama ilikuwa bado imekata, tusingesikia kitu. Nikagusa.

*Tak.*

Kavu, safi, na karakana nzima ikasikia kwamba ilikuwa imeunga. Ningesema *imekata*, ningekuwa nimerudia kosa lile lile mbele ya watu wale wale.

Mkaguzi Pang akatoa kalamu. "Kila karakana naenda na mfuko huu," akasema akiandika. "Karibu wote huniambia imekata. Nyie mtapeleka hizi kwa mafundi wanaopanda nguzoni. Nataka zitoke kwa mtu anayejua asichokijua." Akatia sahihi, akaomba supu.

Watu walipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mimi nilitoka nje nikasimama juani, maana lilikuwa limetoka.

Julai 16

Bosi Mdogo anataka kila boksi liwe na kikaratasi. Niliandika sentensi sita. Fundi Hu akazisoma, akasema, "Fundi yuko nguzoni, wewe unamwandikia barua ya mapenzi." Tukakata, tukakata, tukabaki na hizi: *Huenda safari imeigeuza. Iamuru kwanza, ipime, ndipo uguse.*

Kisha akakisukuma kibano mezani mpaka upande wangu. Kidole cha shahada kimeanza kuwashwa, anasema ni dalili njema, lakini gumba bado.

"Hakinienei," nikamwambia.

"Kitakuzoea."

Nikaona niseme, maana nilikuwa nimechoka kukibeba. "Fundi, mwaka wangu wa kwanza ulisema mikono hii ni ya kukaanga dagaa. Mbele ya watu."

Akakunja uso, akafikiri kwa dhati kabisa. "Mimi? Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Sikumbuki, Aijuan. Naapa, hata kidogo." Akanitazama, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. "Ulikuwa nalo muda wote huo?"

Miaka kumi na tisa nimelishika, na mwenye neno alishaliacha kabla sijamaliza kushuka ngazi. Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka bila kujua vizuri tunachekea nini, na lile jambo likaniachia hapo hapo, kwa mguso mmoja.

Jioni mama mkwe ametaka kula uani kwa sababu ya jua. Nikamkaangia dagaa.